Kijidudu cha Kipindupindu na Maskani Yake Majini

Msomaji, ukiteka maji ya mto ukayaona maangavu katika bilauri, usidhani ya kuwa hayana kitu ndani yake. Tone moja tu laweza kuwa na maelfu ya viumbe hai wasioonekana kwa macho. Wengine huozesha majani na mizoga, wengine huliwa na viumbe wakubwa kuliko wao, na wachache huleta maradhi.

Katika miaka ya 1883 na 1884 Daktari Robert Koch wa Ujerumani alichungua kipindupindu huko Misri na India, akaonyesha ya kuwa huletwa na kijidudu kilichopindika mfano wa alama ya mkato. Kwa muda mrefu baadaye waganga waliamini ya kuwa maskani yake ni matumbo ya binadamu, na ya kuwa majini hakikai ila kitambo kidogo, baada ya maji kuchafuliwa na choo cha mgonjwa. Lakini maradhi yalikoma kwa miezi mingi, kisha yakazuka tena. Je, kijidudu kilikuwa kimejificha wapi?

Aliyelishughulikia swali hili ni Bibi Rita Colwell, mtaalamu wa Marekani aliyezaliwa mwaka wa 1934. Mwaka wa 1977 yeye na wenzake walitangaza ya kuwa wamekiona kijidudu hicho katika Ghuba ya Chesapeake, mahali ambapo hapakuwa na wagonjwa wa kipindupindu. Mwaka wa 1982 wakaeleza ya kuwa, hali ya maji ikiwa mbaya kwake, hujikunyata kikawa kama kimelala: hakioti tena katika chombo cha mtaalamu, ila ki hai. Tena hushikamana na kopepodi, wadudu wadogo mno wa jamii ya kamba, waeleao majini. Maji yakipata joto na chakula chao kikizidi, wadudu hao huongezeka, na vijidudu huongezeka pamoja nao.

Kutokana na elimu hiyo ikapatikana njia nyepesi. Huko Bangladeshi watu wengi huteka maji ya mito na madimbwi, na kuni za kuyachemshia ni shida kupatikana. Wanawake wakafundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara 4 au zaidi. Nguo iliyofuliwa mara nyingi hulegea nyuzi zake, na matundu yake huwa madogo zaidi, hata kopepodi wakanaswa. Jambo hili lilijaribiwa miaka 3 katika vijiji 65, na matokeo yake yalitangazwa mwaka wa 2003: kipindupindu kilipungua kwa 48 katika kila 100.

Hata hivyo ifahamike ya kuwa kitambaa hakiui kijidudu, na vile visivyoshikamana na wadudu hupenya. Mwenye kuweza kuchemsha maji au kuyatia dawa ya klorini asiache kufanya hivyo. Mwenye kuchuja naye akisuuze kitambaa chake kwa maji yaliyokwisha kuchujwa, kisha akianike juani.

Kipindupindu kilifika Kenya mwaka wa 1971, na tangu hapo kimezuka mara nyingi. Basi ajuaye adui yake hukaa wapi, amekwisha kupata nusu ya silaha.