Somo la Mwezi: Njia ya Kwenda kwa Jirani

Soma kwanza: Kumbukumbu la Torati 19:1–10, Luka 10:25–37.



Tukisikia habari za miji ya makimbilio, wengi wetu twaikumbuka miji na kuzisahau njia. Katika sura tuliyosoma, Waisraeli waliagizwa kutenga miji mitatu, ili mtu aliyeua bila kukusudia apate pa kukimbilia. Lakini agizo halikuishia hapo. Waliagizwa pia kuzitengeneza njia za kuifikia. Sababu imo katika mstari wa 6: njia ikiwa ndefu, mlipiza kisasi aweza kumpata mkimbizi kabla hajafika. Fundisho ni wazi. Msaada usiofikika si msaada, na wanaoiacha njia iharibike wana sehemu yao katika mauti ya njiani.

Sasa tujitazame. Zahanati iko kijiji kimoja, mashine ya kusaga iko kingine, shule iko ng'ambo ya kijito. Mama mwenye uchungu hupakiwa kwenye baiskeli, na mvua ikiwa imenyesha hushushwa penye utelezi na kutembea mwenyewe.

Nilipokuwa kijana nikifundisha shule ya msingi, kila masika daftari la mahudhurio lilinionyesha majina yale yale ya watoro. Niliwaita wavivu, na wengine niliwaadhibu. Siku moja nikaamua kuwafuata kwao. Nilifika kijitoni, nikalitazama gogo moja lililolazwa juu ya maji, nikageuka nikarudi. Mimi mtu mzima nilishindwa kupita pale nilipowataka watoto wapite. Tangu siku hiyo sikuadhibu tena mtoto kabla ya kuijua njia yake.

Mfano wa Makete

Majirani zetu wa Makete walikwisha kutuonyesha jambo. Mwaka 1985, wilaya hiyo ikiwa bado katika Mkoa wa Iringa (tangu 2012 imo Mkoa wa Njombe), Serikali na Shirika la Kazi Duniani walianza kuchunguza safari za watu wa vijijini. Wengi walidhani shida kubwa ni ukosefu wa magari. Uchunguzi ukaonyesha kwamba safari nyingi hazikuwa za kwenda mbali. Zilikuwa za kwenda kisimani, kwenye kuni, shambani na mashineni. Zilifanywa kwa miguu, na mizigo mingi ilikuwa vichwani mwa akina mama. Kwa hiyo, pamoja na kazi za barabara, zilitengenezwa njia za miguu na vivuko, na watu wakahimizwa kutumia punda.

Nasi tusidharau njia ya miguu kwa kuwa twangojea barabara. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inazo barabara zake za kuhudumia. Kile kijia cha kupitia mashambani kitabaki mikononi mwetu, na siku barabara itakapokuja bado tutakihitaji.

Namna ya kuitengeneza

Adui wa njia ni maji. Wamatengo wa Mbinga walilijua hilo zamani, ndiyo maana hulima mashimo ya ngolo ili maji yasikimbie mteremkoni na udongo. Yafuateni mambo haya:

1. Upana uwe mita moja na nusu hadi mbili, ili mwenye baiskeli na mwenye mzigo kichwani wapishane. Matawi yakatwe hadi juu ya kichwa chenye mzigo.

2. Njia isipande kilima moja kwa moja, maana itageuka korongo. Izunguke polepole au ipande kwa konakona. Msichimbe ngazi: mtembeaji atashukuru, lakini mwenye baiskeli yenye gunia la mahindi atakwama.

3. Njia iinamishwe kidogo upande wa bondeni ili maji yatoke. Penye mteremko, lazeni gogo au mstari wa mawe kwa mshazari, maji yapate kugeuzwa porini. Liwe chini kiasi cha gurudumu kupita.

4. Kivuko kiwe na mbao au magogo yaliyobanana, upana wa mtu anayekokota baiskeli, pamoja na mkono wa kushikia. Kiwe juu ya alama ya mafuriko makubwa wanayoyakumbuka wazee.

5. Kazi ya udongo ifanywe Mei na Juni, mvua zikiisha na ardhi ikiwa bado laini. Mwezi Oktoba mifereji izibuliwe kabla mvua hazijarudi.

Kupatana

Kazi ya jembe si ngumu kama kazi ya kupatana. Mmoja husema njia itamla mahindi yake. Mwingine amekwisha kupanda mpaka katikati. Basi jambo lipelekwe kwenye Mkutano wa Kijiji wa kila upande. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya wote. Makubaliano yaandikwe, mipaka ipandwe miti, na kila upande ujue kipande chake cha kutunza. Njia isiyo na mwenyewe hufa baada ya masika mawili.

Na ikiwa nzuri, pikipiki nazo zitaitaka. Wekeni amri mapema: anayekwenda kwa miguu ndiye mkubwa wa njia, mwenye baiskeli apige kengele na kupunguza mwendo, mwenye pikipiki apite barabarani, isipokuwa amebeba mgonjwa.

Padre William Percival Johnson, aliyezikwa Liuli mwaka 1928, alihudumu pwani ya Ziwa Nyasa zaidi ya miaka arobaini, mara nyingi kwa miguu, naye macho yake yalikuwa karibu hayaoni. Injili ilifika kwetu kwa njia za miguu. Si haya kushika jembe kwa ajili yake. Yule Msamaria naye alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni. Huruma yake ilihitaji njia inayopitika.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu, ni nani hakosi Misa kiangazi bali hukosa masika? Njia yake ikoje?

2. Ni mahali gani pamoja tukipatengeneza mwaka huu patawafaa wengi?

3. Je, shamba langu limeingia njiani?

Kabla ya kukutana tena, kila kundi litembee njia moja toka mwanzo hadi mwisho, pamoja na mama mmoja aliyebeba ndoo na mtu mmoja anayekokota baiskeli. Andikeni kila mahali wanaposimama. Hapo ndipo pa kuanzia kazi.