Somo: Kuhamisha dosie /home bila kupoteza kazi



Juma lililopita disiki ya ordinatere yetu ya Linux ilijaa. Sisi wa mwaka wa sita tukanakili dosie /home kwenye sehemu nyingine, na palepale tukafuta ile ya zamani. Kumbe mwenzetu mmoja alikuwa angali anaandika! Kurasa zake za mwisho zikapotea. Tulimwomba msamaha. Basi tujifunze wote.

1. Kila mtu afunge kazi yake, atoke. Root peke yake abaki. Ordinatere inaendelea kutembea, lakini hakuna anayeandika ndani ya /home.

2. Sehemu mpya, iliyokwisha kutayarishwa, iunganishwe kwenye /mnt. Amri ni: cp -a /home/. /mnt/. Ile -a inachunga majina ya wenye kazi na ruhusa zao. Mukitumia -r tu, vyote vitakuwa vya root.

3. Musifute! Badilisheni jina: mv /home /home.zamani, kisha mkdir /home. Andikeni UUID ya sehemu mpya ndani ya /etc/fstab, mutoe /mnt kwa umount, halafu mount -a.

4. Zimeni, washeni, kila mtu afungue kazi yake. Siku kadhaa zikipita bila shida, ndipo mufute ya zamani.

Dosie /etc tusiihamishe hata kidogo. Fstab inayoonyesha njia iko mule ndani. Ni kama kufungia ufunguo ndani ya sanduku.

Swali: kama tungalibadilisha jina tu, kurasa za mwenzetu zingalikuwa wapi leo?