Jua Haki Zako: Riyali za Maskati na Mizani ya Mwalimu

Mwalimu mmoja wa Tanga, aliyesomesha Kiingereza katika skuli ya sekondari ya serikali kwa miaka 12, ameniletea barua pamoja na picha nne za mkataba aliotumiwa na skuli moja ya binafsi iliyoko Maskati. Na baada ya shikamoo yake, ambayo naiitikia marahaba kwa moyo mkunjufu, ananiuliza suali ambalo walimu wengi wa pwani yetu wanalo vifuani mwao ingawa si wote waliolitia katika wino: je, kusomesha Kiingereza ughaibuni kunalipa kuliko kusomesha nyumbani, au ni jina la riyali tu linalotuvuta?

Sheria haiwezi kumwamrisha mtu aende au akae, kwani hilo ni shauri lake na jamaa zake. Lakini sheria yaweza kumwonyesha ni kipi hasa atakacholipwa, ni kipi atakachoweza kukidai ikiwa hakulipwa, na ni kipi anachokiacha nyuma siku anapopanda ndege. Na mtu asiyeyajua mambo matatu haya hajalinganisha mishahara miwili, bali amelinganisha tarakimu mbili.

Safari yenyewe si ngeni kwetu. Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970, Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu za mfumo wa kisasa, na wengi wenye asili ya huko waliokuwa wamesoma Unguja na kwingineko Afrika Mashariki walirejea na Kiingereza chao wakapata nafasi katika afisi na madarasa ya dola iliyokuwa ikijengwa. Kwa sababu hiyo Kiswahili kingali kikisikika Maskati hata leo, na mwalimu wetu afikapo huko huenda akajiona yuko kwa mjomba. Na ajione hivyo, hapana ubaya; ila akumbuke kwamba mkataba wa kazi haujui ujomba.

Karatasi moja, kauli mbili

Niliketi na rafiki yangu ajuaye Kiarabu vizuri tukausoma mkataba ule mstari kwa mstari. Kila ukurasa umegawanywa pande mbili: Kiarabu kulia, Kiingereza kushoto. Katika kifungu cha nauli, upande wa Kiingereza unasema mwalimu atapewa tikiti ya kwenda na kurudi kila mwaka, lakini rafiki yangu alipotia kidole chake upande wa kulia akasoma kwamba tikiti itatolewa mkataba utakapokwisha, nao ni wa miaka miwili. Tukarudia mara tatu, na mara zote ilikuwa hivyo.

Msomaji aweza kudhani kuwa hitilafu kama hiyo ikitokea, mwalimu atakuwa na haki ya kushika upande alioufahamu. Sivyo. Oman, kama ilivyo katika Falme za Kiarabu, maandishi ya Kiarabu ndiyo yenye nguvu pande mbili zinapohitilafiana. Basi haki yako ya kwanza, na dhima yako ya kwanza vilevile, ni kusomewa upande wa kulia na mtu asiyetumwa na wakala wala na skuli, kabla hujatia saini.

Mshahara wa msingi na posho

Mkataba ule unaahidi riyali 450 kwa mwezi, na kwa kuwa riyali ya Oman imefungwa na dola kwa kiwango kile kile tangu mwaka 1986, riyali moja kwa takriban dola 2.60, ni fedha isiyoyumba, jambo ambalo shilingi yetu haijajaliwa. Lakini ukiufunua ukurasa wa pili utakuta 450 hizo zimekatwa mapande matatu: mshahara wa msingi 250, posho ya nyumba 120, na posho ya usafiri 80. Aghalabu mwalimu hulipita jedwali hili haraka, maadamu jumla ni ile ile, naye hajui kwamba amepita juu ya mali yake.

Sheria ya Kazi ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 53 ya mwaka 2023, inampa mfanyakazi mgeni kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi. Neno zito hapa ni *msingi*. Kwa mkataba huu, miaka miwili itazaa riyali 500, wala si 900 kama mwalimu alivyokuwa akihesabu katika barua yake. Na Sheria ya Hifadhi ya Jamii, namba 52 ya mwaka huo huo, imeandaa mfuko wa akiba wa kushika mahali pa kiinua mgongo hicho, ambao mwajiri atauchangia asilimia 9. Nayo pia ni asilimia 9 ya mshahara wa msingi. Katika Falme za Kiarabu, sheria namba 33 ya mwaka 2021 inahesabu mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo, kwa sharti kwamba mfanyakazi awe ametimiza mwaka mmoja.

Wala asidhani mtu kwamba kima cha chini cha mshahara kitamkinga. Riyali 325 zinazotajwa sana ni kima cha mwenyeji wa Oman. Mgeni hana kima alichowekewa. Kinga ya mgeni ni tarakimu iliyoandikwa mkatabani, na ndiyo maana ni lazima ijadiliwe mapema, wakati ambapo skuli bado inamhitaji mwalimu kuliko mwalimu anavyoihitaji skuli.

Mwaka una miezi mingapi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, basi na tufungue daftari. Tuseme, kwa mfano, mwalimu atatumia riyali 300 kila mwezi kwa kodi ya nyumba, chakula, usafiri na simu. Akilipwa miezi 12 atapokea riyali 5,400, atatumia 3,600, na zitabaki 1,800. Lakini kuna skuli zinazolipa miezi 10 tu, zikiiacha likizo ndefu ya kiangazi bila ujira. Na mwalimu akibaki huko huko likizo hiyo, kodi na chakula haviendi likizo pamoja naye. Atapokea 4,500, atatumia 3,600 zile zile, na zitabaki 900. Miezi miwili iliyonyamaziwa imekula nusu ya akiba ya mwaka mzima. Mkataba wa mwalimu wetu haukutaja idadi ya miezi, na mkataba unaponyamaza katika jambo kama hili, mwombe aliyeuandika aitaje idadi hiyo.

Kuhusu kodi ya mapato, ni kweli kwamba mshahara wa mwalimu hautozwi kodi hiyo Oman. Na sheria mpya ya mwaka 2025, itakayoanza kutumika mwaka 2028, inatoza asilimia 5 kwa pato linalozidi riyali 42,000 kwa mwaka tu. Tahadhari iko nyumbani. Kwa sheria za Tanzania na Kenya, mtu mwenye makazi ya kudumu nchini, akawapo nchini japo sehemu ya mwaka, aweza kuhesabiwa mkaazi wa mwaka huo, na mkaazi hutozwa kodi hata kwa ujira alioupata nje. Kabla ya kuondoka, iandikie mamlaka ya mapato, ueleze hali yako, na uihifadhi barua utakayojibiwa.

Unachokiacha mezani

Hapa ndipo moyo wangu uliposhtuka niliposoma barua ya mwalimu huyu. Mtumishi wa umma wa Tanzania hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake kwa ajili ya mfuko wa pensheni wa PSSSF, na serikali humwongezea asilimia 15. Asilimia 15 hiyo haioni mkononi, haitaji anapoulizwa mshahara wake, wala hakuitaja katika hesabu aliyoniletea. Lakini ni mali yake, na siku atakayoacha kazi itakatika. Wa skuli za binafsi, walio katika mfuko wa NSSF, kwa kawaida mwajiri huwachangia asilimia 10 nao hukatwa 10.

Zaidi ya hayo, ili mtu astahiki pensheni ya PSSSF ya kila mwezi, sharti awe amechangia miezi isiyopungua 180. Miaka 12 ni miezi 144. Mwalimu wetu amebakiza miezi 36 tu kufika kwenye haki ambayo itamlisha uzeeni, naye anataka kuondoka kwa mkataba wa miezi 24. Sisemi asiende. Nasema aende kwanza katika afisi ya mfuko, aombe taarifa ya michango yake iliyopigwa muhuri, aulize kwa maandishi hali ya miezi yake 144 itakuwaje akijiuzulu na itakuwaje akirejea kazini, kisha amwombe mwajiri wake likizo bila malipo badala ya kujiuzulu. Ombi likikataliwa, ajiuzulu kwa ilani inayotakiwa. Asitoroke kamwe: kutokuwapo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano ni kosa liwezalo kumfukuzisha mtumishi wa umma, na doa hilo litamfuata siku atakaporudi kubisha hodi.

Haki zako ukiwa huko

Pasi yako ya kusafiria ni yako. Sheria ya Oman inamkataza mwajiri kuizuia ila kwa idhini ya maandishi ya mwenyewe, na ya Falme za Kiarabu inamkataza kuzuia hati rasmi za mfanyakazi. Basi ukiletewa karatasi ya "idhini" miongoni mwa karatasi nyingi za siku ya kwanza, una haki ya kuiweka kando bila kuitia saini. Saa za kazi Oman hazizidi 40 kwa wiki, pasina muda wa mapumziko, na likizo ya mwaka ni siku 30. Tangu tarehe 1 Januari 2021, aliyetimiza mkataba wake Oman hahitaji tena cheti cha kutopingwa na mwajiri wa zamani ili ahamie kwa mwajiri mwingine. Katika Falme za Kiarabu ni haramu kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, kwa njia ya wazi au ya kificho, na ni haramu vilevile kumbagua kwa rangi au asili ya taifa lake. Ukidhulumiwa, anzia wizara ya kazi ya nchi uliyomo, ukiwa na mkataba, taarifa za benki zinazoonyesha mshahara ulioingia, na barua zako zote; anayelipwa fedha taslimu bila hati hujivua silaha yake mwenyewe.

Kabla ya kuondoka

Kwa wasomaji wetu wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uandikwe kwa namna iliyowekwa na uthibitishwe na afisa wa kazi, ambaye lazima aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari bila ya kulaghaiwa. Na anayemshawishi mtu kuondoka bila ya mkataba wa namna hiyo aweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000 au kufungwa hadi miezi sita. Kwa wa Tanzania, muulize TaESA, yaani Wakala wa Huduma za Ajira, kama wakala anayekusafirisha amesajiliwa, kabla hujampa hata nakala ya cheti.

Na jihadharini na ahadi za Mashariki ya Mbali. Viza ya kusomesha Kiingereza Korea Kusini hutolewa kwa raia wa nchi saba tu zinazohesabiwa kuwa za wenye lugha, na katika Afrika ni Afrika Kusini peke yake iliyomo. Uchina, mgeni afanyaye kazi bila kibali aweza kutozwa yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito akawekwa kizuizini siku tano hadi 15. Wakala akuambiaye uingie kwa viza ya matembezi, mengine yatatengenezwa huko, anakutuma ukavunje sheria kwa jina lako, huku la kwake halimo katika karatasi yoyote.

Jawabu langu

Nami sitamwacha mwalimu wangu njia panda. Kwa mkataba ulivyo sasa, na kwa miezi 36 iliyobaki, haumlipi, na ushauri wangu ni asiutie saini. Lakini aiandikie skuli, kwa adabu na bila woga, aombe mambo matatu: mshahara wa msingi upandishwe kutoka 250, hata kama jumla itabaki 450, iandikwe kwamba malipo ni ya miezi 12, na kifungu cha tikiti kiwe kimoja pande zote mbili. Skuli ikikubali, na mfuko ukimjibu kuwa miezi yake 144 imesalimika, basi riyali hizo ni riziki ya halali na aifuate kwa baraka za wazazi wake. Skuli ikikataa kuandika yale inayoyaahidi kwa mdomo, atakuwa amejua tabia ya mwajiri wake kwa gharama ya barua moja, wala si kwa gharama ya miaka miwili.

Akisha kupata majibu, aniletee tena mkataba huo. Nitaketi na rafiki yangu tuusome kama tulivyousoma, na nataraji safari hii, atakapotia kidole chake upande wa kulia, nitaisikia kauli ile ile niliyoisoma upande wa kushoto.