Kabla ya Kukaa Mezani: Maandalizi ya Timu ya Kuchambua Hatari za Mitambo

Kijitabu hiki ni cha mameneja, wahandisi na wasimamizi wa zamu katika viwanda vyenye boila, matangi ya kemikali au mifumo ya kupozea kwa amonia. Kikao cha kuchambua hatari hukwama mwezeshaji anapouliza, "Umeme ukikatika, vali hii hubaki wazi au hujifunga?" na mezani hakuna anayejua. Mtu hutumwa akaangalie, wengine hushika simu zao, na asubuhi inapotea. Majibu ya namna hiyo yatafutwe mapema.

Anzeni na mchoro

Mara nyingi fundi hubadilisha bomba usiku ili uzalishaji usisimame, na mchoro ukabaki kabatini kama ulivyokuwa. Timu inayochambua mchoro wa zamani inachambua kiwanda kisichokuwepo. Kwa hiyo, siku kadhaa kabla ya kikao, mhandisi na mwendeshaji wa mitambo wachukue nakala ya mchoro na kalamu nyekundu, wafuate kila bomba kuanzia tangi hadi pampu, waandike kila tofauti wanayoiona. Kazi hii ni ya jua na vumbi, na wengi huikwepa. Msiikwepe.

Yaliyotokea katika kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, yanaonyesha kwa nini. Mwaka 1974 tangi namba 5 kati ya matangi sita ya mmenyuko lilipata ufa, likaondolewa. Ili kazi iendelee, tangi namba 4 na namba 6 yakaunganishwa kwa bomba la muda la inchi 20, ingawa midomo ya matangi hayo ilikuwa ya inchi 28. Mchoro pekee wa bomba hilo ulichorwa kwa chaki sakafuni mwa karakana. Nafasi ya mhandisi mkuu wa kiwanda ilikuwa wazi, na hakukuwa na mhandisi mitambo mwenye sifa za kulikagua. Tarehe 1 Juni bomba lilifumuka, sikloheksani ikasambaa hewani na kulipuka. Watu 28 walikufa. Ilikuwa Jumamosi; ingekuwa siku ya kazi, ofisi zingekuwa zimejaa.

Nani aitwe

Mhandisi wa mchakato, fundi wa matengenezo, mtu wa vifaa vya udhibiti na ofisa usalama hawakosi kualikwa. Anayesahaulika ni mwendeshaji anayeshika zamu ya usiku, na yeye ndiye anayejua king'ora kipi hulia ovyo hadi watu wamekizoea. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1992 inataka timu iwe na angalau mfanyakazi mmoja mwenye uzoefu na ujuzi wa mchakato wenyewe. Sisi tunasema wawe wawili, wa zamu tofauti. Meneja awatafutie watu wa kushika nafasi zao, na awaambie mbele ya wote kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kusema ukweli. Bosi anayekata maneno ya mwendeshaji ni heri asiingie kikaoni.

Walioalikwa wapewe pia mafunzo mafupi ya mbinu itakayotumika. Kwa mbinu iitwayo HAZOP, iliyozaliwa katika kampuni ya ICI ya Uingereza miaka ya 1960, mtambo hugawanywa vipande, na kila kipande huulizwa: ikiwa hakuna mtiririko? Ukizidi? Ukipungua? Ukirudi nyuma? Mwezeshaji agawe vipande hivyo kabla ya kikao.

Taarifa za kemikali, viwango vya presha na joto, na kumbukumbu za ajali zilizokaribia kutokea ziwe mezani. Katibu awe mtu mwingine, si mwezeshaji. Vikao visizidi saa nne hadi sita kwa siku, kwani akili iliyochoka hukubali kila kitu.

Kama mchoro haujahakikiwa, au mwendeshaji hayupo, ahirisheni kikao. Tunawasihi mameneja wasione aibu kuahirisha.