Taa mpya kwa gari la zamani: mwanga wako usimpofushe mwenzako



Kwa miezi kadhaa sasa tunapokea katika dispansari watu wa zamu ya usiku wanaolalamika macho. Wengine wanaomba dawa ya matone, wengine wanaomba miwani. Tukiwauliza vizuri, tunagundua kwamba kwa wengi wao macho ni mazima. Kinachowasumbua ni barabara ya usiku, hasa ile inayotoka Kamanyola kupitia Luvungi, Sange na Kiliba hadi Uvira, na taa za magari wanayokutana nayo humo. Na wenye magari nao wanauliza: je, gari langu la zamani naweza kulitia taa za kisasa, zile zenye jicho la duara, ili nione vizuri? Mwezi huu tutajibu maswali haya mawili pamoja, kwa kuwa kwa kweli ni swali moja.

Mchimbaji anaelewa jambo hili kuliko mtu mwingine. Ndani ya shimo kuna sheria ambayo haikuandikwa ukutani: ukisema na mwenzako uso kwa uso, inamisha kichwa ili taa ya kofia yako imulike kifua chake, si macho. Asiyefanya hivyo husikia maneno yake papo hapo. Taa ya kofia ni ndogo sana, lakini ikikupiga machoni gizani, kwa muda huoni hata jiwe lililo mbele ya mguu wako. Sasa fikiri taa mbili za gari.

Kwa nini mwanga mkali unapofusha? Mboni ya jicho hujifungua gizani na kujifunga penye mwanga, lakini hiyo ni sehemu ndogo ya kazi. Nyuma kabisa ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, na ndani yake mna rangi maalum inayotuwezesha kuona gizani. Mwanga mkali huivunja rangi hiyo mara moja, na mwili unahitaji muda kuitengeneza upya. Kulizoea giza kabisa huchukua hata nusu saa. Ndiyo sababu ukitoka katika chumba chenye taa unapapasa. Ukimulikwa na gari njiani, sekunde chache zinatosha kukurudishia uwezo wa kuendesha, ikiwa wewe ni kijana na macho ni mazima. Lakini fanya hesabu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu meta 17 kila sekunde. Sekunde 3 za upofu ni meta 50, na katika meta hizo shofere anaendesha kwa kukumbuka tu barabara ilivyokuwa. Mtu wa miaka 60 hali yake ni ngumu zaidi: mwanga unaofika ndani ya jicho lake ni karibu theluthi moja ya ule unaofika katika jicho la kijana wa miaka 20, na ukungu wa mtoto wa jicho unapoanza hutawanya kila mwali unaoingia.

Mwaka jana nilimshona mguu kijana mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya mihogo karibu na Kiliba. Alikuwa pembeni kabisa ya barabara. Shofere aliyemgonga hakuwa amelewa, wala hakuwa akikimbia. Alikutana na gari lenye taa kali, hakuona kitu, akasogea kuume kulikwepa. Huko kuume ndiko alikokuwa kijana na baiskeli yake.

Magari mengi yetu ni ya zamani, yalitumika kwanza Japani, kisha yakapita bandari ya Dar es Salaam kabla ya kufika kwetu. Japani watu huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia. Sisi wa Kongo, pamoja na jirani zetu wa Burundi na Rwanda, huendesha upande wa kuume. Kila mtu anaona kwamba usukani wa magari hayo uko upande usio wetu. Lakini ni wachache wanaojua kwamba taa nazo zilitengenezwa kwa upande ule ule.

Taa za chini, ambazo mashofere wetu huziita kode, hazimuliki sawasawa pande zote. Mtengenezaji ameukata mwanga kwa mstari: upande wa gari linalokuja mstari uko chini, ili usimpige mwenzako machoni, upande wa ukingo wa barabara mstari unapanda, ili uone watembeao kwa miguu, mbuzi na mitaro. Kwa gari la Japani ukingo ni kushoto, kwa hiyo mwanga unapanda kushoto. Lilete gari hilo Sange uliendeshe kuume: mwanga unaopanda unaingia moja kwa moja katika macho ya anayekuja, na upande wa kuume, wanakopita wamama wenye mizigo kichwani na vijana wenye baiskeli, unabaki gizani. Ubaya ni mara mbili. Wako wanaolipa fundi ahamishe usukani. Ikiwa taa zimeachwa zile zile, kazi imefanyika nusu.

Kujua gari lako likoje si kazi ya fundi. Jioni simamisha gari mahali tambarare, likitazama ukuta ulio umbali wa meta 10. Washa kode. Simama nyuma ya usukani, au nyuma ya gari, utazame ukutani. Utaona mstari wa mwanga ulio sawa upande mmoja na unaopanda upande mwingine. Ukipanda kuume, taa ni za nchi yetu. Ukipanda kushoto, taa ni za kule. Ikiwa huoni mstari wowote, ila mwanga umetapakaa kama maji yaliyomwagika, basi kioo kimechakaa au ndani ya taa mna ampuli isiyostahili.

Na hapa ndipo wengi hupotea. Mtu anaona taa zake hafifu, anakwenda sokoni, anauziwa ampuli za zenoni au za LED, zile za rangi ya buluu, anazitia ndani ya taa yake ya zamani. Ampuli ya kawaida ya halojeni inayoitwa H4 ina nyuzi mbili za waya ndani yake, moja ya kode ya wati 55 na moja ya taa ndefu ya wati 60, na chini ya uzi wa kode kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiende kusikotakiwa. Kikombe cha kung'aa kilicho nyuma ya ampuli kimepimwa kwa mahali pale pale uzi ulipo. Ampuli ya zenoni, ijapokuwa hutumia wati 35 tu, hutoa mwanga karibu mara tatu ya kode ya H4, na chanzo cha mwanga wake hakina umbo wala mahali pa uzi ule. Matokeo yake ni mwanga mwingi unaokwenda kila upande. Mwenye gari anafurahi kwa sababu majani ya karibu yanang'aa. Lakini mbali hakuona zaidi, na anayekuja hakuona kabisa. Rangi ya buluu haisaidii pia. Katika mvua na ukungu wa milima ya Ngomo humrudia shofere mwenyewe.

Taa ya jicho la duara, yaani ya projekta, ni kitu kingine, na kwa haki tuseme ni nzuri. Ziliwekwa katika magari ya BMW ya aina ya 7 mwaka 1986, na zenoni ikafuata katika gari hilo hilo mwaka 1991. Nyuma kuna kikombe kinachokusanya mwanga wote mahali pamoja. Mbele kuna lenzi nene ya kioo. Katikati yao kimesimama kibati chenye umbo la ule mstari tuliousema. Lenzi huipindua picha juu chini, kwa hiyo sehemu iliyofunikwa na kibati ndiyo inayokuwa giza kwa juu. Mstari hutoka mkali kama uliokatwa kwa wembe. Katika projekta nyingine sumaku ndogo ya umeme hukiangusha kibati unapowasha taa ndefu, na hivyo lenzi moja hufanya kazi zote mbili.

Kwa hiyo mtu anayetaka kugeuza taa za gari lake la zamani anunue projekta nzima pamoja na ampuli yake, wala si ampuli peke yake. Na kabla ya kulipa aulize: kibati hiki ni cha upande gani? Projekta nyingi za kununua zimetolewa katika magari ya Japani yaliyovunjwa, na zinapanda kushoto vile vile. Ukizitia, umenunua ubaya ule ule kwa bei kubwa, tena wenye makali zaidi. Chache zina kiwiko kidogo pembeni cha kugeuzia kibati upande wa pili. Mwulize muuzaji akuonyeshe, uijaribu ukutani kabla haijafungwa.

Fundi atapasha moto taa ili gundi ilainike na kioo kitoke. Hiyo ni kazi ya joto la polepole, si ya mkaa wazi. Nimeona mkono ulioungua kwa plastiki iliyoyeyuka, na plastiki hushika ngozi vibaya. Projekta ishikwe kwa skrubu na bati gumu. Gundi peke yake haivumilii mashimo ya barabara yetu, na lenzi iliyolegea huchezacheza mwanga machoni mwa watu usiku kucha. Matundu ya kupumulia ya taa yasizibwe, wala ukingo usiachwe wazi, maana vumbi la kiangazi na maji ya masika yote mawili huua kikombe cha kung'aa. Kisanduku cha umeme cha zenoni hutoa volti zaidi ya elfu 20 wakati wa kuwasha. Asikifungue mtu, asiguse waya zake taa ikiwaka.

Lakini, kusema kweli, kwa wengi wetu dawa ni ya bei ndogo kuliko hiyo. Land Cruiser na Hilux za zamani zenye taa za duara za inchi 7 zinaweza kuvuliwa taa zote mbili na kutiwa nyingine za kioo zilizotengenezwa kwa kuendesha kuume, zikabaki na ampuli ya H4. Kisha tazameni waya. Waya mwembamba uliooza hula umeme njiani, na umeme ukipungua sehemu moja kwa kumi, mwanga wa halojeni hupungua karibu theluthi. Waya mnene, rele, na fyuzi karibu na betri vimewarudishia wengi mwanga waliodhani umekwisha. Taa ya plastiki iliyogeuka manjano isuguliwe kwa msasa laini wa maji, kisha ipakwe dawa ya kung'arisha. Kama hamna fedha hata ya hayo, fanyeni kama wasafiri wa Uingereza wanaovuka kwenda Ufaransa, ambao hubandika kipande maalum juu ya kioo cha taa ili kukata mwanga unaopanda. Kipande cha utepe mweusi mahali panapofaa, kilichojaribiwa ukutani, kinatosha kwa taa za kioo za kawaida.

Mwisho wa kazi yote ni kupima. Kwenye ukuta ule ule wa meta 10, mstari wa kode uwe sentimeta 10 chini ya kimo cha katikati ya taa, au zaidi kidogo. Pimeni gari likiwa na mzigo linaoubeba kila siku. Teksi iliyojaa magunia ya ndagala nyuma huinua pua, na taa zilizopimwa vizuri asubuhi zinageuka kuwa za kutazama mbingu.

Macho yenyewe nayo yana haki yake. Mchomeleaji aliyetazama cheche bila kinga asiendeshe gari usiku ule. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, pengine akiwa njiani. Miwani ya kazi iliyokwaruzika haifai kuendeshea usiku, wala miwani nyeusi, wala ya manjano. Na wamama, ile rangi ya jicho inayoona gizani hutengenezwa kwa vitamini A. Mtoto anayejikwaa kila jioni wakati wenzake wanacheza aletwe dispansari bila kungoja. Kwa chakula tunavyo vya kutosha hapa: mawese mekundu yasiyounguzwa mpaka yakawa meupe, lengalenga, sombe, viazi vitamu vya ndani manjano, maini, na ndagala walioliwa wazima na vichwa vyao.

Ampuli ya zenoni iliyokufa isiachwe uani. Nyingi za zamani zina zebaki ndani, na gesi yake imeshindiliwa kwa nguvu, ikivunjika inaruka vipande. Ifungeni ndani ya kitambaa, itieni katika kopo lenye kifuniko, mbali na watoto, mpaka mtakapoileta stoo ya garaji pamoja na betri chakavu.