KARATASI YA KUJITAMBULISHA: SOMO KWA WANAOTAKA PERMI YA KUENDESHA



Kila mwaka Mtihani wa Taifa unapokaribia, mazungumzo ya wafinalisti yanageuka. Hatuongei tena juu ya masomo, tunaongea juu ya kazi. Na huku kwetu Baraka na Fizi, kazi ya kwanza ambayo kijana anaifikiri ni pikipiki. Mwingine anataka lori la barabara ya Uvira, mwingine gari la hospitali ao la shirika. Basi tumeona vema kuandika somo hili juu ya permi, na zaidi juu ya jambo linaloitangulia, ambalo linawashinda watu kuliko usukani wenyewe: kuonyesha kwa karatasi kwamba wewe ndiye wewe. Wasichana, tafadhali msiruke ukurasa huu. Hata asiyetaka kuendesha kitu ataulizwa karatasi hiyohiyo banki, kwenye kununua laini ya simu, na kwenye mlango wa kila ofisi.

Tuanze na sheria. Sheria ya barabara ya nchi yetu ni ile namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Inataka kila mwendeshaji awe na permi, na permi zimegawanywa kwa herufi: A ni ya pikipiki, B ni ya gari dogo, C ni ya lori, D ni ya basi. Vijana wengi wanazani pikipiki haina permi, kwa sababu wanaona wamotari wanapita asubuhi na jioni bila hiyo. Wanapita kweli, lakini wanalipa kidogo kidogo kwenye bariyeri, leo hapa, kesho pale, na hakuna anayewapa risiti. Aliyepiga hesabu ya mwaka mzima anajua bei ya kukosa permi.

Kuipata kunahitaji kujifunza kuendesha, kufanya mtihani, kupimwa na daktari, picha, na malipo. Kwa mwenye pesa hayo si mambo makubwa. Lakini kabla ya hayo yote kuna mstari mmoja wa fomu unaouliza: kitambulisho chako ni kipi, na namba yake ni ngapi? Hapo ndipo wengi wetu tunasimama.

Sababu ni hii. Wazee wetu wakati wa Wabelgiji walishurtishwa kuwa na kijitabu cha utambulisho, na mtu hakuweza kukaa mbali na teritwari yake muda mrefu bila karatasi ya ruhusa. Wakati wa Zaïre kulikuwa karte ya sitoyen. Baadaye vita vikaja, ofisi zikaungua, rejista zikapotea, na karte ile ikabaki kwa wazee wachache wanaoihifadhi ndani ya nailoni kama ukumbusho. Tangu hapo raia wa kawaida hakupewa kitambulisho cha taifa kingine. Iko ofisi moja iliyoundwa mwaka 2011 kwa kazi hiyo, inaitwa ONIP. Juni 2024 Rais wa Jamhuri alipokea karte mpya ya kwanza huko Kinshasa, na mwaka huohuo mkataba wa kampuni zilizopewa kazi ukakatwa. Hivyo karte ilionekana kwenye televisheni, lakini Baraka haikufika.

Kitu kilichoshika nafasi yake ni karte ya uchaguzi. Sheria namba 04/028 ya tarehe 24 Desemba 2004 ndiyo iliyopanga namna ya kuandika wapiga kura, na karte hiyo ikatumika kama kitambulisho cha muda. «Cha muda» hicho kimepita miaka 20 sasa. Watu waliandikwa mwaka 2005, wakaandikwa tena kwa ajili ya uchaguzi wa 2011, tena wa 2018, na mara nyingine kuelekea uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Huku Kivu Kusini kazi hiyo ya mwisho ilianza tarehe 16 Februari 2023. Waliopata karte zile wanajua pia shida yake: wino ulifutika upesi. Kuna watu wazima wenye karte ambayo sura yao imekuwa kivuli, na jina halisomeki tena.

Sasa, wenzetu, fanyeni hesabu. Aliyeandikwa mwaka 2023 ni yule aliyekuwa na miaka 18 ao atakayeitimiza kabla ya siku ya kupiga kura. Mtu aliyezaliwa mwaka 2007 alikuwa mtoto bado. Leo ni mtu mzima: sheria inamruhusu kuendesha, inamruhusu kuoa, na akifanya kosa atahukumiwa kama mkubwa. Lakini karte hana, wala hakukosea popote. Alizaliwa tu katikati ya chaguzi mbili. Darasa letu zima la mwisho ni watu wa namna hiyo.

Na tazameni jinsi mambo yanavyozunguka. Ukienda kujiandikisha uchaguzi, unaulizwa kitu kinachoonyesha wewe ni nani, na kati ya karatasi zinazokubaliwa iko permi ya kuendesha. Ukienda kuomba permi, wanakuuliza karte ya uchaguzi. Hata hivyo katika orodha ile ya uchaguzi kuna karatasi nyingine ambayo tunaidharau: karte ya mwanafunzi. Ndiyo, ile ile ambayo wengi wenu mnaikunja mfukoni mpaka inapasuka. Na asiyekuwa na karatasi yoyote anaweza kuleta mashahidi. Maana yake, kwa sheria, mdomo wa jirani mwaminifu una uzito. Tukumbuke jambo hili, tutalirudia mbele.

Sasa tufike kwenye njia ya mkato, kwa sababu ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Kuko karatasi inayoitwa «ya kupoteza vitambulisho». Iliwekwa kwa mtu aliyepoteza karte yake kweli: anakwenda kutangaza, anapewa karatasi ya kutumia kwa siku zake chache. Lakini leo vijana ambao hawajapata karte hata siku moja wanaambiwa: «Sema tu ulipoteza.» Mwenzetu mmoja wa mwaka wa mwisho alijibiwa hivyo kwenye dirisha la ofisi fulani. Akasema, «Baba, miye sijapoteza kitu, sijakuwa nayo bado.» Yule mzee akamtazama kwa huruma kabisa, akamwambia: «Mwanangu, hapa hakuko fomu ya mutu ambaye hajakuwa nayo. Kuko fomu ya kupoteza.»

Hatumlaumu mzee yule, alitaka kusaidia. Lakini sisi tunaona jambo hili ni baya kwa pande mbili. Ya kwanza mnaijua, shule yetu ni ya Kiprotestanti, na hatukufundishwa kuweka sahihi chini ya uongo. Ya pili ni ya akili tu. Karatasi inayosema ulipoteza karte inaweza kuulizwa siku moja: karte ipi? Ilitolewa wapi? Namba yake? Mwaka gani? Na ukiwa na miaka 18, anayejua hesabu tuliyoifanya hapo juu atatambua mara moja kwamba mwaka 2023 hukuweza kuandikwa. Umeshika mkononi karatasi inayokushitaki wewe mwenyewe.

Njia iliyo nyoofu inaanza chini kabisa, kwenye kuzaliwa. Hapa watu wanachanganya karatasi tatu. Ile ya maternité inasema kwamba mama fulani alizaa siku fulani, na muganga ao mkunga ametia sahihi. Nyingine inatolewa na wakubwa wa utawala, inasema wanakujua na ulizaliwa mahali fulani. Ya tatu ndiyo yenye nguvu: cheti cha kuzaliwa, kinachoandikwa ndani ya rejista ya eta sivile. Mbili za kwanza zinaweza kusaidia, lakini hazina rejista nyuma yake. Ya tatu ukiipoteza, ofisi inafungua kitabu na kukuandikia nakala.

Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyosahihishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 baada ya mtoto kuzaliwa ili amtangaze. Zamani zilikuwa siku 30. Zikipita, haiwezekani tena kwenda tu ofisini. Shurti tribunali itoe hukumu inayoshika nafasi ya tangazo lile, kisha hukumu hiyo ipelekwe eta sivile iandikwe. Kwa aliye chini ya miaka 18 ni tribunali ya watoto, kwa mkubwa ni tribunali ya amani. Ni wazazi wangapi wanajua hayo? Uchunguzi wa afya wa nchi wa mwaka 2013-2014 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wenye umri chini ya miaka mitano, 25 tu waliandikwa. Ule wa 2017-2018 ulikuta 40. Hao 25 na hao wengine 75 ndio wanaokaa leo kwenye mabenchi ya shule za nchi hii.

Kwa watu wa Fizi kuna jambo lingine juu yake. Vita vya 1996 viliwavusha wazazi wetu ziwa Tanganyika mpaka Kigoma. Wengine waliishi Nyarugusu, wengine Lugufu, kambi iliyofungwa mwaka 2009. Tangu Oktoba 2005 meli zilikuwa zinawarudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Kwa hiyo kati yetu wako waliozaliwa upande wa pili wa ziwa, na karatasi yao ya kwanza ni ya kambi. Wasione haya, na wasiitupe. Mtoto wa Mkongomani ni Mkongomani hata akizaliwa kambini. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inatazama wazazi. Aliyesema mbele ya ofisi kwamba alizaliwa Baraka ili kurahisisha mambo amejitengenezea mahali pawili pa kuzaliwa, na shida itaanza siku karatasi mbili zitakapowekwa pamoja.

Halafu kuna maandishi ya majina. Ng'ambo wanaandika Wilonja, huku tunaandika Wilondja. Ng'ambo Asani, huku Assani. Ng'ambo majina ni la kwako, la baba na la babu. Huku ni jina, kisha la pili, kisha lile la ubatizo. Mtu ni mmoja, masikio yanasikia jina moja, lakini mashine na mwenye fomu wanaona watu wawili. Tumeona bulletini za mwanafunzi mmoja zenye namna tatu za jina lake, kila mwalimu ameandika alivyosikia. Waalimu wetu watusamehe, tunasema kwa heshima: mnapojaza daftari la majina, tafadhali tazameni karatasi ya mtoto, msimuulize kwa mdomo tu. Maana jina litakaloandikwa kwenye diploma ya taifa litamfuata mpaka uzee.

Tunajua pia kwamba katika teritwari yetu swali la «wewe ni nani» si la ofisi peke yake. Fomu zinauliza kijiji, grupema, sekta: Mutambala, Tanganika, Ngandja ao Lulenge. Kwenye ofisi mistari hiyo inajazwa kwa kalamu tu. Lakini njiani, wakati wa vita, watu wamesimamishwa na kutazamwa sura, lugha na jina, na wengine hawakufika nyumbani, wa kila kabila. Ndiyo sababu hatupendi mchezo wa kuulizana asili uwanjani. Karatasi nzuri inamsaidia mtu aulizwe namba yake badala ya pua yake.

Na umbali? Mambo mengi ya jimbo yalikuwa yanamalizika Bukavu. Katikati ya Februari 2025 Bukavu ilichukuliwa na M23, na serikali ya jimbo ilihamia Uvira, karibu kilometa 90 kutoka Baraka kwa barabara mnayoijua wakati wa mvua. Anayeweza kungoja permi angoje, lakini karatasi za chini hazihitaji safari hiyo. Zinaanzia kwa shefu wa karibu na eta sivile ya mahali.

Mashahidi nao wanazeeka. Mkunga aliyekupokea, jirani wa kambini, mzee wa kanisa aliyeona ukibebwa mgongoni, hao ndio rejista ya wengi wetu. Wakiondoka, tribunali itamuuliza nani? Likizo hii kila mmoja awaulize wazazi siku, mahali na jina kamili, aandike, na wazee wawili ao watatu wanaojua wasikie.

Tumekubaliana na Bwana Prefe jambo hili. Kuanzia Jumatatu, baada ya saa ya sita, sisi wakubwa wa wanafunzi tutakaa katika ofisi ya diresheni ya masomo na daftari la majina. Wafinalisti watapita kwanza, sababu orodha ya Mtihani wa Taifa iko karibu kufungwa. Kila mmoja alete karatasi yoyote aliyo nayo: ya maternité, ya kambi, ya ubatizo, bulletini ya zamani. Asiye na hata moja aje pia. Wa darasa la saba mtapata karte zenu mpya za mwanafunzi baada ya majina kusahihishwa, si kabla. Nailoni za kuzifunika ziko, bei ni ileile ya mwaka jana.

Mkubwa wa wanafunzi, kwa niaba ya wenzake wa mwaka wa mwisho