Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Utumishi

Barua ya kuacha utumishi mara nyingi huandikwa usiku. Mwinjilisti amerudi kwa miguu kutoka mazishini, posho ya miezi mitatu haijaja, mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa chakula cha shule, na kikao cha wazee wa kanisa cha jioni kimevunjika kwa maneno makali. Anavuta kiti, anachukua karatasi na kalamu. Ninamwandikia mtu huyo, pamoja na mkewe aliye chumbani akijifanya amelala.

Usiku huo usiamue lolote. Msomeni Eliya chini ya mretemu, katika 1 Wafalme 19. Alikuwa amemwomba Mungu amwondolee uhai, na hakukemewa. Malaika alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo mazito yalisubiri mpaka Horebu, na huko alipewa kazi ya kufanya na mtu wa kufanya naye, Elisha. Basi nawe kula, ulale, na kama mwili unauma nenda zahanati upime malaria. Barua iweke chini ya Biblia kwa wiki moja. Kama ni neno la Mungu, litakuwa bado ni neno la Mungu wiki ijayo.

Wiki hiyo igeuze karatasi, upige mstari katikati. Upande wa kushoto andika yale yanayokupata kwa sababu ya injili yenyewe. Ulikataa kufungisha ndoa ya binti aliyelazimishwa, baba yake akaondoa familia nzima kanisani. Ulimsimamia mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, nao ni watu wenye sauti kijijini. Ulikataa tambiko la ukoo, ndugu zako hawakuiti tena kwenye vikao. Upande wa kulia andika yanayotokana na mpangilio mbaya: posho isiyo na ratiba, mitaa minne kwa mtu mmoja, mwaka mzima bila likizo, nyumba ya mtumishi inayovuja.

Ya kushoto ndiyo msalaba, na huo haubebwi kwa niaba yako na kikao chochote. Ya kulia si msalaba. Ni maamuzi ya watu, na maamuzi ya watu hubadilishwa na watu. Nimeona watumishi wema wakichanganya pande hizi mbili mpaka wakavunjika: wanavumilia uzembe wa wengine kwa jina la Yesu, halafu siku injili yenyewe inapodai kitu, hawana tena nguvu ya kukitoa. Paulo hakuchanganya. Kule Filipi alichapwa fimbo, akaimba gerezani usiku. Kulipokucha akakataa kutolewa kimyakimya, akataka mahakimu waje wenyewe, kwa kuwa walikuwa wamewapiga raia wa Rumi bila kuwahukumu. Kichapo alikivumilia kwa ajili ya Kristo, lakini uvunjaji wa sheria aliudai urekebishwe.

Kwa upande wa kulia, basi, fanya hivi. Mwone mtunza hazina kabla ya kikao, si ndani ya kikao, ukiwa na tarakimu mkononi: nadai miezi mitatu, kiasi hiki. Omba ratiba ya malipo, hata kwa awamu, na omba iingie kwenye muhtasari, kwa sababu ahadi ya mdomo husahaulika mwenyekiti akibadilika. Wakati wa mavuno, watu wanapoleta mahindi, maharage na kuku wa mnada baada ya ibada, omba kikao kiamue mapema magunia mangapi yatakwenda nyumba ya mtumishi kabla mnada haujaanza. Na uwe na kazi ya mikono. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila bila kujiona amepungukiwa heshima. Bustani ya mboga au cherehani haimwondolei mtumishi heshima yake. Usikope kwenye simu ili kulipia ada. Mikopo ile imewafanya watumishi wengi waone haya kusimama mimbarani.

Sasa upande wa kushoto, ambako hakuna muhtasari wa kikao utakaosaidia.

Kuna gharama ya kutoona matunda, na kwangu hii ndiyo ngumu kuliko zote. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Mombasa mwaka 1846 kumsaidia mmisionari mwenzake Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amewazika huko mkewe na binti yao mchanga. Rebmann alikaa Rabai na pwani ile hadi 1875. Mkewe Emma alifariki 1866. Waliobatizwa katika miaka yote hiyo walikuwa wachache mno, na alipoondoka macho yake hayakuwa yakiona tena. Katikati ya ukame huo alikuwa na daftari. Aliketi na watu akikusanya maneno, ya Kinyika, ya Kiswahili, ya Kinyasa. Kamusi yake ya Kinyasa ilichapishwa 1877, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mtumishi asiyeona matunda na ajipatie kazi moja ambayo mwisho wa juma anaweza kuinyooshea kidole: wazee wanne anaowafundisha kusoma, rejista ya ubatizo inayopangwa upya, kwaya ya watoto. Idadi ya watu ibadani hupanda na kushuka kwa mvua na msimu wa kilimo, na haistahili kupewa mamlaka ya kukuambia kama umeitwa au hukuitwa.

Kuna pia gharama ya hatari. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana wa Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya pamoja kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 ya mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alikimbia na mkewe Mera wakivuka milima kwa miguu usiku hadi Rwanda, naye alirudi Uganda baada ya Amin kuangushwa 1979. Sioni kwamba mmoja alikuwa mwaminifu kuliko mwenzake. Hata Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Kuacha mahali si kuacha wito. Ukitishwa, usikae na siri hiyo kama shujaa: andika tarehe na maneno yaliyosemwa, tunza namba iliyopiga, mwambie mkuu wako wa jimbo na mtu mmoja asiye wa usharika wako, toa taarifa polisi, na usitembee peke yako jioni. Kama kuna jambo la kukemea, likemeeni mkiwa wengi, kama walivyofanya maaskofu wale.

Mwenzi wako naye muulize, ukiwa umekaa chini na huna haraka, ni kipi hawezi tena kukibeba. Jibu lake lipewe uzito uleule wa maombi yako. Wengi hufunga siku tatu kumuuliza Mungu jambo ambalo mama wa nyumba angewaeleza kwa dakika tano.

Na unachohitaji, kitaje waziwazi. Katika barua ya pili kwa Timotheo, Paulo yuko kifungoni, Dema amemwacha, na anaagiza vitu vinavyoshikika: joho aliloliacha Troa kwa Karpo, vitabu, hasa vile vya ngozi, na Marko aje, na Timotheo afike kabla ya majira ya baridi. Mtume mzima aliomba koti. Wewe unaogopa kuomba nini?

Ikiwa baada ya haya yote bado ni lazima uondoke, ondoka mchana, baada ya kuzungumza na walezi wako, ukiwa umekabidhi funguo na daftari za kanisa.

Nanyi wazee wa kanisa, mtumishi wenu hataandika barua ya usiku iwapo mtatimiza sehemu yenu. Mlipeni posho yake ya mwezi huu kabla hamjanunua vipaza sauti vipya.